Ubeti Ambao Wening Hakuuimba

19 Desemba

Sauti inayoimba ubeti wa pili wa "Mulih" si ya Wening. Ni yangu.

Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu daftari halina uso, nami mbele ya uso wa mtu humeza maneno hata nikiulizwa jina. Naitwa Tunjung. Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza shule Juni, na tangu Julai nafanya kazi Pawon, hapa Yogya, kwa Mas Gondo (mas ni kaka), anayetoa kaseti za bendi ambazo kampuni kubwa hazizitaki, au zenyewe hazizitaki kampuni kubwa. Pawon maana yake jiko. Albamu ya kwanza ilirekodiwa jikoni kwa marehemu mama yake, na mpaka leo tunarekodi humo, kati ya jiko la gesi na kabati la sahani. Kazi yangu ni kunakili kaseti, kukunja karatasi za jalada na kuandika anwani juu ya vifurushi. Mara nyingine akikosekana mtu naimba "uuu" nyuma ya sauti ya mwingine. Nilimwimbia Wening hizo "uuu" katika nyimbo tano. Alisema sauti zetu ni kama mtu na kivuli chake. Nililala na maneno hayo wiki nzima.

Wening alifariki tarehe tatu Novemba. Alianza na homa mvua za kwanza ziliponyesha, na sote tukasema upepo umemwingia mwilini. Mimi ndiye niliyemkwaruza mgongo kwa sarafu, mpaka mistari myekundu ikatoka na watu wakasema, ona upepo ulivyokuwa mwingi. Ilikuwa homa ya dengi. Tulipomfikisha hospitali ilikuwa siku ya tano. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na albamu ya nyimbo nane, saba kamili na moja nusu.

Wiki iliyopita ilikuwa arobaini yake. Tulipanda treni kwenda kwao Banyumas. Mama yake, Bu Turinah, ni muuza mendoan, zile tempe laini za soya za kukaanga. Baada ya dua, majirani walipokuwa wakiondoka na vifungu vyao vya chakula, alikuja akakaa chini mbele ya Mas Gondo.

"Gondo, mwanangu aliwahi kunitaja?"

"Alikuimbia, Bu. Wimbo mzima."

"Mimi? Ananiambia nini?"

"Kwenye dua ya siku ya mia tutakuletea kaseti. Utamsikia mwenyewe."

Bu Turinah akaangalia mikono yake, ina makovu ya mafuta mpaka kwenye viwiko. "Miaka miwili hakunisemesha," akasema. "Sijui kama amekwenda na kinyongo."

Ndani ya treni Mas Gondo aliniambia, "Tunjung, ule wimbo una ubeti mmoja. Wa pili aliuguna tu. Lazima kuna mahali aliuimba mzima. Zisikilize kaseti zote za mazoezi, usiruke hata moja."

Zilikuwa kumi na tisa. Nimezisikiliza zote, pande zote mbili. Hakuna mahali. Kila anapofika ubeti wa pili anaguna, mmm, mmm, kama mtu aliyefunga mdomo kwa makusudi.

Leo Mas Gondo alikwenda posta. Nilifungua daftari la Wening. Ubeti ulikuwamo, mistari minne, ameukata kwa kalamu. Lakini Wening alikata kila kitu, daftari lake lote ni kama shamba lililolimwa. Nilisubiri mvua ipumue kidogo juu ya bati, nikavaa hedifoni, nikaweka kaseti ya mazoezi ya kumi na moja ambayo ina njia moja tupu ya kurekodia sauti, nikasogea karibu na maikrofoni kama alivyokuwa akisogea yeye, nikaimba:

Biyung, niliondoka na ulimi wa kuazima,
njia ya kurudi nimeisahau mdomoni.
Kabla mvua haijafika mlangoni kwako,
njaluk ngapura.

Mulih ni kurudi nyumbani. Biyung ni mama. Maneno mawili ya mwisho ni naomba msamaha. Niliimba mara moja tu. Sijawahi kuimba vile maishani mwangu.

20 Desemba

Nilimwambia Mas Gondo, "Nimeupata. Kaseti ya kumi na moja." Maneno sita. Alivaa hedifoni, akasikiliza akiwa amesimama, kisha akaketi juu ya ndoo ya mchele na kulia. Akasema, "Nilijua hawezi kuondoka hivi hivi."

Nilikuwa nimepanga kumweleza mara tu atakapomaliza kusikiliza. Baada ya hapo sikuweza.

21 Desemba

Mvua.

24 Desemba

Mvua. Ndoo mbili za kukinga maji ya paa hazitoshi tena. Nimeongeza sufuria.

28 Desemba

Mas Koncar alikuja kurekodi ngoma za "Mulih". Yeye na Mas Gondo walikula wali wakimkumbuka Wening, nami nilikaa karibu na kabati nikikunja karatasi.

"Siku ya kwanza alipofungua mdomo," alisema Mas Koncar, "nilidhani ni mchekeshaji wa televisheni. Nikamwuliza, Mbak, dada, umekuja kuimba ama kufagia?"

"Akakufanya nini?"

"Akaninyang'anya kijiti cha ngoma akanipiga nacho gotini. Mpaka leo mvua ikinyesha goti linamkumbuka."

Walicheka, kisha wakaacha pamoja.

Watu wa Banyumas husema maneno ya Kijava kama yalivyoandikwa, na a ya mwisho iko wazi kama mlango. Sisi wa Yogya a hiyo tunaigeuza o, na tunadhani ndio uungwana. Kwenye michezo ya televisheni anayesema kama watu wa Banyumas ni mtumishi wa ndani au chizi. Mas Gondo alisema mwaka wa kwanza chuoni Wening alichekwa mpaka akabadili ulimi. Akaenda kwao Idi, akamjibu mama yake kwa o. Bu Turinah akamwambia mbele ya wageni, "Wewe nani? Mama yako wa Yogya anakusubiri, nenda." Akaondoka kabla ketupat za sikukuu hazijaiva. Hawakusemezana tena.

"Halafu akaanza kutunga," Mas Gondo alisema. "Nyimbo zote kwa lugha ya kwao. Nilimwambia zitanunuliwa na nani? Akasema, wewe rekodi tu. Albamu yote hii ni mtu anatembea kwa miguu kurudi kwao."

Mas Koncar akajifuta mdomo. "Na huyu bubu wetu hapa, anasemaje? Tunjung, useme hata 'mm'."

"Mm," nikasema. Wakacheka tena, kwa wema.

3 Januari

Mas Gondo anataka ukurasa wa "Mulih" upigwe picha uwekwe ndani ya jalada, kwa mwandiko wake Wening. Alinituma nilete daftari.

Nilipolifungua mchana, karibu na dirisha, niliona kitu ambacho siku ile kwenye giza la mvua sikukiona. Pembeni mwa ubeti wa pili, kwa herufi ndogo, ameandika: durung.

Bado.

Sisi Wajava hatupendi kutamka hapana. Mwulize mzee ambaye hakuoa maisha yake yote kama ana mke, atakujibu bado. Mwulize mtu kama amekusamehe, atasema bado, na unaweza kuzikwa ukiisubiri hiyo bado. Kwa hiyo sijui. Labda Wening alimaanisha wiki ijayo. Labda alimaanisha kamwe. Ninachojua ni kwamba kuguna kwake hakukuwa kusahau. Maneno aliyaandika, akayasoma, akakataa kuyatamka. Mimi ndiye niliyeyatamka kwa koo lake.

Nilibaki nimesimama. Mas Gondo akaita kutoka mbele, "Umelipata?"

"Bado," nikajibu.

Kisha nililiweka daftari wazi chini ya tundu la paa, nikaisogeza ile sufuria pembeni, nikaenda kuchemsha chai. Niliinywa yote. Niliporudi wino ulikuwa umetambaa, kurasa kumi hazisomeki, na wa "Mulih" ulikuwa buluu tupu.

Nilimpelekea hivyo hivyo, maji yakidondoka. Aliangalia muda mrefu. Nilitaka anipige. Akasema, "Ni mvua, Tunjung. Si wewe."

4 Januari

Sikwenda kazini. Nilimwambia shangazi upepo umeniingia. Akaleta sarafu. Nikasema sitaki.

10 Januari

"Mulih" imetoka mtandaoni jana, mwezi mmoja kabla ya kaseti. Leo asubuhi Mas Gondo alinisomea walichoandika watu. Mtu wa Malang: ubeti wa kwanza ni mzuri, wa pili nimeuegeshea pikipiki kando ya barabara. Mtu wa Makassar hajui hata neno moja la Kijava na amelia. Yule mwandishi wa mtandao wa muziki ambaye bendi zote zinamwogopa ameandika kwamba katika ubeti wa pili Wening anaimba kama aliyekwisha kuona kifo chake, na kwamba hakuwahi kuimba hivyo kabla.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilikwenda chooni nikasimama humo na furaha yangu kama mtu aliyeiba kuku na kuku hanyamazi.

13 Januari

Tumeanza kunakili. Kaseti mia moja na sitini, mashine nne. Mas Gondo hataki kuharakisha, anasema mkanda ukikimbizwa sauti inakonda. Kwa hiyo albamu inapita kwa mwendo wake, dakika thelathini na nne, kaseti nne, kisha tena. Ni lazima mtu akae asikilize asije akakosa mkanda uliojikunja. Mtu huyo ni mimi.

14 Januari

Mara saba.

15 Januari

Mara nane. Mvua haikukoma hata kwa adhana.

17 Januari

Mara sita. Mashine ya tatu ilitafuna mkanda. Iliutafuna "Mulih". Nilitamani kila mashine ifanye hivyo.

18 Januari

Nyimbo saba za mwanzo sasa nazijua kama chumba changu. Kuna mmoja kuhusu njaa ya mwanafunzi mwisho wa mwezi, neno lake ni kencot, njaa kwa Kibanyumas, na anavyolitamka unamwona anavyotabasamu. Yote ni a, a, a. Milango wazi nyumba nzima.

22 Januari

Leo kwenye mzunguko wa ishirini na tisa nimesikia.

Mvua ilikuwa imekatika ghafla, jikoni kukawa kimya. Wening akaimba ubeti wa kwanza, a zake zote wazi. Kisha nikaanza mimi. Mstari wa kwanza nilimwiga vizuri. Wa pili vizuri. Wa tatu. Kisha lile neno la mwisho. Kwao ni ngapura. Mimi nimeimba ngapuro.

Nilirudisha mkanda. Ngapuro. Nikarudisha tena. Ni neno nililolisema tangu mdogo, kila Idi, nimepiga magoti mbele ya shangazi. Nilipofika hapo mdomo wangu ulisahau kwamba ulikuwa mdomo wa mtu mwingine.

Hakuna aliyegundua. Mas Gondo ni wa Yogya, Mas Koncar wa Solo, sote tunasema o, na sikio halishtuki kwa kile lilichokizoea. Yule mwandishi wa mtandao ni wa Jakarta. Lakini kuna mtu mmoja duniani ambaye atasikia, na wimbo huu ni wake.

23 Januari

Nilijaribu. Nilimwambia Mas Gondo, "Mas, tuusikilize tena 'Mulih', labda mwishoni si vizuri sana." Kwangu hiyo ni hotuba.

Akanitazama. "Umechoka. Ukisikia kitu mara thelathini hata jina lako litakuwa na kasoro."

"Tungeweza kuuacha ubeti wa pili. Abaki anaguna."

"Unamwondolea mama yule kauli ya mwisho ya mtoto wake kwa sababu masikio yako yamechoka?" Hakupandisha sauti. Hajawahi kupandisha sauti. Nikarudi kwenye mashine.

29 Januari

Bu Turinah alipiga simu kuuliza tutakuwa wangapi, na kama yule msichana asiyesema anakula pilipili. Mas Gondo alisema anakula. Bu Turinah amemwambia kwamba majirani wote wameshaalikwa kuja kumsikia Wening.

2 Februari

Kaseti zimekwisha, zote mia moja na sitini. Kidole cha shahada kimepasuka kwa kukunja karatasi. Ndani ya jalada, mahali pa ukurasa wa "Mulih", Mas Gondo ameweka picha ya ule ukurasa wa buluu. Anasema ni mzuri hivyo hivyo, kama mvua yenyewe.

7 Februari

Mafuriko madogo barabarani. Maji yamefika kwenye kizingiti yakarudi.

11 Februari

Jana ilikuwa siku ya mia. Nitaandika yote, kwa utaratibu, kama yalivyokuwa.

Tulifika Banyumas kabla ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake wanaomenya, wanaotwanga, wanaofunga wali kwenye majani. Redio ya kaseti iliazimwa kwa jirani, ikawekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kando yake picha ya Wening akiwa na sare ya shule. Bu Turinah alivaa kebaya mpya. Alinishika mkono akasema, "Nduk, binti yangu, umekonda. Huko Yogya mnakula kaseti?"

Baada ya alasiri wanawake waliketi mikekani, na wanaume wachache mlangoni. Mas Gondo akabonyeza.

Sijawahi kuona mtu akisikiliza vile. Bu Turinah aliinamia redio kama mtu anayeota moto. Wimbo wa kwanza ulipoanza, kwa lugha yao, aligeuka akawatazama majirani mmoja mmoja kuhakikisha wote wanasikia. Wa tatu ulipofika, ule wa njaa, akacheka kwa sauti.

"Sikieni. Anasema kencot. Mwanachuo mzima, anasema kencot."

"Chuo hakijaharibu mtoto," bibi mmoja akajibu.

"Hakijaharibu," akasema Bu Turinah. "Nani alisema kimeharibu? Ni mimi, mdomo wangu." Akajipiga mdomoni taratibu kwa vidole viwili.

Nyimbo nne zikapita. Alikuwa amepona mbele ya macho yangu, sina namna nyingine ya kusema. Kisha "Mulih". Ubeti wa kwanza machozi yalimtoka naye akiwa anatabasamu. Ubeti wa pili ukaanza. Alipotajwa biyung, akaitika. Kwa kweli aliitika, "Eee," kama mtu aliyeitwa kutoka uani.

Kisha lile neno.

Tabasamu lilibaki pale pale, lakini ndani yake kukawa hakuna mtu.

"Rudisha," akamwambia Mas Gondo. Akarudisha. Alisikiliza. "Rudisha tena." Mara ya tatu aliinua mkono kabla ya mwisho, akasema inatosha, akainuka kwenda jikoni. Majirani walidhani amezidiwa na uchungu, wakamwacha. Mimi nilimfuata. Sijui nani aliisukuma miguu yangu.

Alikuwa akitumbukiza tempe kwenye unga na kuziweka kwenye mafuta. Hakugeuka.

"Umesikia alivyoniomba msamaha?" akasema.

"Nimesikia, Bu."

"Njaa yake ameisema kwetu. Mvua, barabara, kuku, vyote amevisema kwetu. Amefika kwangu, amesema kwa ule ulimi." Akageuza tempe moja. "Ulimi ule ule wa siku ile. Ngapuro. Huyu hakuwa akiomba msamaha, Nduk. Alikuwa ananikumbusha. Ananiambia, mimi ndiye yule uliyenifukuza, na sijabadilika. Amekwenda hivyo."

Mafuta yaliruka yakampata mkononi, hakushtuka.

Nilisimama na kweli mdomoni. Ningesema: si yeye, Bu, ni mimi. Uchungu wa lile neno ungeondoka mara moja. Lakini msamaha nao ungeondoka, kwa sababu baada ya hapo angeniuliza, yeye je, alisema nini? Na jibu ni kwamba aliandika bado. Kila nilipoutafuta mlango wa kumtoa yule mama palepale alipokwama, mlango ulifungukia shimoni.

Basi nikasema, "Ni kosa langu, Bu."

"Lipi?"

"Aliliimba kama kwenu. Ngapura. Mara ya kwanza aliliimba hivyo. Mimi nilimcheka."

Akageuka. "Ulimcheka?"

"Nilikuwa nyuma yake kwenye maikrofoni. Nilicheka, nikamwambia watu wa Yogya watadhani ni mtumishi wa ndani anaomba asikatwe mshahara. Akaona haya. Akaliimba tena kama mimi. Hakutaka. Ni mimi."

Hayo ni maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia mtu mzima kwa mara moja, na hakuna hata moja la kweli.

Bu Turinah alizima jiko. "Ulimcheka vipi?"

"Bu?"

"Nionyeshe. Nataka kujua mwanangu alisikia nini."

Akasubiri. Akasema tena, bila hasira, "Nionyeshe."

Nikaonyesha. Nilivuta pua kama wanavyofanya kwenye televisheni, nikalipanua lile a mpaka likawa la kipumbavu, "ngapuraaa," nikatoa kicheko. Mbele ya mama yake Wening, siku ya mia, mahali Wening alipojifunzia kusema. Aliniangalia usoni mpaka nilipomaliza.

"Toka jikoni kwangu," akasema.

Nilitoka. Naye akatoka nyuma yangu akaenda moja kwa moja mbele ya mkeka. Akawaambia majirani, uso wake umefunguka kama mtu aliyetua mzigo, "Jamani, mtoto wangu aliomba msamaha kwa lugha yetu. Kwanza aliomba kwa lugha yetu. Huyu binti wa Yogya ndiye aliyemcheka mpaka akaona haya." Hakuninyooshea kidole. Hakukuwa na haja, wote walinigeukia. Akamwambia Mas Gondo, "Cheza tena." Na lilipofika lile neno, yeye mwenyewe aliliimba juu ya sauti yangu, ngapura, wazi, na wanawake wa mkeka mzima wakaimba naye.

Nilimaliza shughuli nikiwa nimekaa nje karibu na ngazi. Nilipita kuwaaga. Walipokea mkono wangu kwa ncha za vidole.

14 Februari

Mas Gondo alisubiri siku tatu kabla ya kuniuliza. "Ni kweli, ulimcheka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Lini? Mimi nilikuwepo siku zote mkirekodi."

"Hukuwepo siku ile."

Alikaa akizungusha penseli ndani ya tundu la kaseti. Niliona anatafuta ile siku kichwani. Mtu akitafuta siku ambayo haipo, baadaye huitunga. "Alikupenda sana," akasema mwishowe. "Sikujua una moyo huo."

16 Februari

Mas Koncar alikuja. Hakuniita bubu. Hakuniita chochote.

20 Februari

Mas Gondo amesema nipumzike kwanza, atanipigia. Nikauliza kama nirudi wiki ijayo. Akasema, "Bado."

26 Februari

Mvua ya nusu saa tu. Jua likatoka mchana, shangazi akaanika magodoro yote.

3 Machi

Nilikwenda Pawon kuchukua mwavuli wangu. Mas Gondo hakuwepo, alikuwepo Mas Koncar akifunga vifurushi nilivyozoea kufunga mimi, vibaya, gundi kila mahali. Kaseti zote zimeuzika na wanataka kutoa nyingine mia mbili. Mezani kulikuwa na mendoan kutoka Banyumas, zimefungwa moja moja kwa majani, na kila kifungu kina jina la mtu wa Pawon, mpaka la fundi wa paa. Nilitazama bila kugusa. Langu halikuwepo.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

Mas Koncar alifikiri kama anijibu au la. "Anaicheza kila asubuhi akikaanga. Majirani wanasema ameanza kulala. Amenenepa." Kisha akasema, akiwa ameiangalia gundi vidoleni mwake, "Anasema hana deni na mwanawe tena. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye yeye hajamsamehe."

Nikachukua mwavuli nikaondoka. Nje mvua haikuwepo.

9 Machi

Sitaandika tena habari hii baada ya leo.

Sikumrudishia Bu Turinah mtoto wake. Nilimpa mtoto niliyemtengeneza jikoni, kwa koo langu, na mama huyo alipougua kwa kosa langu nikamtibu kwa uongo mwingine. Wening hakupata nafasi ya kuigeuza ile bado yake kuwa ndiyo, au kuwa hapana. Niliichukua nafasi hiyo, na nikaiharibu hata karatasi iliyoihifadhi. Kama kuna mahali ananisikia, sijui ananiitaje huko. Hilo nitalibeba, wala sitafuti wa kunisaidia.

Lakini wewe uliyelifungua daftari hili na kufika hapa, sasa tuko wawili. Ukipita Banyumas asubuhi ukasikia wimbo unatoka kwenye nyumba ya muuza mendoan, nunua, kula, sikiliza. Akikuambia kwamba mwanawe alimwomba msamaha, mwambie ndiyo, umesikia. Akikuambia kwamba kulikuwa na binti wa Yogya aliyemcheka, mwambie ndiyo, hilo nalo umelisikia.